Ng'ombe Wetu Anakufa Mwishoni

Nimeshaambiwa mara nyingi nibadilishe mwisho wa mchezo wangu wa kuigiza. Meneja wa loji aliniambia kwa upole kwamba watu hupenda kurudi nyumbani na furaha. Mwinjilisti wa kanisa letu aliniambia hadithi njema huacha tumaini. Hata kinyozi wa karibu na gereji aliniita ndani, mashine mkononi, mteja kanyolewa nusu kichwa, akanisihi nimwache ng'ombe aamke. Wote nimewajibu hivyo hivyo. Ng'ombe anakufa. Asiyependa afanye kama walivyofanya watu wa nyumbani kwetu, na walichofanya nitakisimulia, ila mnivumilie, maana mdomo wangu hauna breki na kuna mambo lazima yatangulie.

Mimi ni hausikipa. Natandika vitanda vya wageni wanaolala Karatu usiku mmoja kabla ya kupanda kreta, na jioni nazungusha vyandarua. Lakini nilizaliwa Olbalbal, ule uwanda mkavu ulio chini ya milima, upande wa pili wa kreta, ambako wageni wanapita na vumbi lao wakielekea kuangalia simba. Mama yangu bado yuko huko. Tunamwita yeyo, kama Wamaasai wote wanavyowaita mama zao.

Kwetu, kiangazi kikikaza, ng'ombe hawafi kwa njaa peke yake. Wanakufa kwa kulala. Ng'ombe aliyekonda akilala usiku kwenye baridi, asubuhi miguu inakataa. Haumwi kitu, nguvu za kusimama tu ndizo hana. Akisimamishwa atatembea, atakula majani makavu, atafika kwenye maji na kuiona jioni. Asiposimamishwa kabla jua halijawa kali, basi tena. Na ng'ombe hanyanyuliwi na mtu mmoja. Anatakiwa mtu wa kushika mkia, mtu wa kushika pembe, na watu wa kupitisha fimbo chini ya tumbo, halafu wote wavute kwa pumzi moja.

Kwa hiyo tulikuwa na wito. Mwenye ng'ombe anasimama mlangoni mwa boma na kuita, sauti ndefu isiyotaja jina la mtu, na aliyesikia anakuja. Haulizi ng'ombe ni wa nani. Hamalizi chai yake. Mimi nimenyanyua ng'ombe wa watu ambao hawakuwa wanasalimiana na marehemu baba yangu. Nimenyanyua nikiwa na sare ya shule, nikafika darasani nanuka samadi, na mwalimu hakusema neno kwa sababu na yeye alikuwa ananuka. Halafu hakuna kusema asante. Hilo mlishike. Ukimshukuru mtu aliyekuja kunyanyua ng'ombe, ni kama unamwambia alikuwa na hiari ya kubaki kwake, na watu walikuwa wanakasirika kweli kweli kwa jambo hilo.

Sasa, mwaka huo ninaousema, mvua za vuli zilitupita. Novemba ilifika, mbingu nyeupe, na yeyo akanipigia simu. Aliuliza habari za watoto, akauliza kifua changu, akauliza kazi. Ndipo akasema, kama mtu anayetaja kikombe kilichovunjika, kwamba yule ng'ombe wake wa kijivu amekufa.

Nikamuuliza imekuwaje. Akasema alilala, akaita. Akaita tena. Hakuna aliyekuja.

Boma la baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, liko karibu na la yeyo kiasi kwamba akikohoa tunasikia. Upande wa juu kuna boma lingine, watu wengi tu. Na yeyo hana sauti ndogo, jamani, mimi nimeirithi kutoka kwake. Aliita mpaka koo likakauka, kisha akaketi mavumbini, akamshika ng'ombe pembe ili kichwa kisianguke chini, akakaa naye hivyo mpaka akakata roho.

Sababu nazijua. Vijana wamekwenda Engaresero kulinda mahema ya watalii kule ziwani. Wengine ni askari wa mageti Arusha. Waliobaki, kila mmoja ana wake waliolala, mikono haitoshi, migongo inauma. Nimeelezwa sababu zote na zote ni za kweli, na ndicho kilichonikera zaidi. Ningekutana na mtu mbaya mmoja ningemtukana nikapoa. Hapa hapakuwa na mtu mbaya.

Yeyo alibakiwa na mtamba mmoja, mwenye mimba, binti wa huyo wa kijivu. Basi. Mjane asiye na ng'ombe Olbalbal hana cha kufanya asubuhi. Hana maziwa ya kumpa mgeni, hana sababu ya kuwa na zizi, na baada ya muda anahamia jikoni kwa mtu mwingine anaambiwa akae karibu na moto. Baba mdogo alikuwa ameshaanza kusema kwamba yule mtamba naye hatamaliza kiangazi, bora shemeji yake aende Karatu kwa binti yake. Alisema kwa huruma. Yeyo akamjibu kwamba yeye si mzigo wa kupakiwa kwenye gari. Kwa hiyo jambo lilikuwa hilo, wala hakuna lingine: mtamba akisimama kila asubuhi, mama yangu anabaki kwake. Akikosa watu wa kumsimamisha, mama yangu anang'olewa.

Nikaandika mchezo.

Novemba wageni wanapungua, na sisi wafanyakazi wa loji huwa tuna kikundi cha maigizo, tunaigiza ukumbi wa kanisa kwa kujifurahisha. Mwaka huo walitaka mchezo wa kunawa mikono. Nikawaambia mikono ya kunawa ipo, tutafute ya kunyanyulia. Dereva wetu, mtu wa Moshi, mnene kidogo, msema chochote, akasema, "Dada, wewe leo una jambo." Nikamwambia ninalo na yeye ndiye atakuwa jirani tajiri. Mhudumu wa baa nikampa miguu ya mbele ya ng'ombe. Mtunza bustani, Mwiraqw mpole ambaye kwa siku haongei maneno yanayojaza kijiko, nikampa miguu ya nyuma na mkia wa katani. Tukaazima ngozi ya ng'ombe buchani. Mimi nikawa mjane.

Mchezo wenyewe mfupi. Ng'ombe wa mjane analala. Mjane anaita. Wanapita majirani, kila mmoja na lake: huyu anawahi mnada, huyu anakwenda kuchaji simu, huyu anasema wengine watakuja, hawezi kuwa peke yake aliyesikia. Wote wanampa pole. Ng'ombe anakufa. Mjane anawageukia watazamaji na kuwauliza, "Nani amemuua?" Mwisho.

Karatu walitupenda. Walicheka kwa jirani wa simu, wakanyamaza ng'ombe alipokata roho, akina mama wawili watatu wakafuta macho kwa ncha za kitenge. Nilipouliza nani amemuua, ukumbi mzima ulipiga makofi. Nikashuka jukwaani nimevimba kichwa. Mlangoni mama mmoja akanishika mikono yote miwili, macho mekundu, akasema, "Kweli mwanangu, Wamaasai siku hizi wamebadilika."

Nikawa mbogo. Sikumjibu, nilimheshimu umri wake, lakini nilikwenda nyuma ya ukumbi nikaipiga ndoo teke. Nimemuuliza swali yeye, amelitupa kule ng'ambo ya kreta, amepiga makofi, anakwenda kula. Na nyumba ya pili kutoka kwake kulikuwa na mzee aliyekuwa kitandani tangu Pasaka, kila mtu mtaani anajua, na kila mtu anadhani mwenzake ndiye anayempelekea uji. Dereva alinikuta pale, akasema niache hasira, watu wameelewa. Nikamwambia hawajaelewa chochote. Mchezo huu unakwenda nyumbani, mbele ya watu waliosikia wito.

Habari hazikai. Siku ya mnada baba mdogo alifika Karatu na fimbo yake na shuka jekundu la safari, akaniita kwenye hoteli ya chai pale karibu na stendi. Nilikwenda na sare ya kazi. Nikainamisha kichwa anisalimie, kama tunavyofanya kwa baba zetu hata tukiwa na mvi, ili aniwekee mkono. Hakuuweka. Nilikaa nimeinama pale mbele ya watu wanaokula chapati, shingo inauma, mpaka nikaelewa kwamba hautakuja.

Alisema amesikia nataka kuwaleta watu wa mjini wawacheke. Alisema baba yangu angekuwa hai nisingethubutu. Nikamwambia baba angekuwa hai yule ng'ombe angekuwa hai. Ndipo akaliweka neno lake mezani.

"Ukituanika mbele za watu, nani atamnyanyua mtamba wa mama yako?"

Nikamuuliza, "Kwani sasa hivi anamnyanyua nani?"

 Jibu tulilijua wote wawili: yeyo na kamba, na siku akibahatika, mwanamke wa kupita njia. Alisukuma kikombe, akaondoka bila kumaliza chai. Nakiri, hofu yake ilikuwa imeniingia. Mimi ningeigiza na kurudi Karatu kutandika vitanda. Mwenye kubaki na majirani ni yeyo.

Kwa hiyo nilimpigia na kumuuliza. Nilimwambia ukisema nisije, siji.  Akasema, "Njooni. Ila mimi sina haja waone haya. Mimi nataka waje asubuhi."

Mimi nilitaka waone haya. Sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nilitaka waone haya mpaka washindwe kumeza mate.

Tukaenda. Dereva aliazima gari la kampuni lililokuwa limelala gereji, lile lenye paa la kufunguka. Getini, pale pa kuingilia hifadhini, askari aliona ile ngozi imekunjwa nyuma akataka kujua ni ya mnyama gani na inakwenda wapi. Mhudumu wa baa akamweleza kwamba ngozi ni yeye, wa mbele, na wa nyuma ndiye huyu bwana mkimya. Askari akawatazama wote wawili kwa muda. Ikabidi wajifunike na kutembea pale kwenye lami mpaka kwenye bango la karibu na kurudi ndipo akatupungia mkono tupite, anacheka peke yake.

Tulifika Olbalbal jua limeshapanda lakini halijawa kali. Yeyo alikuwa zizini. Hakutukaribisha, alisema tu, "Mikono hiyo mmeileta, leteni huku." Mtamba alikuwa amelala, mbavu unazihesabu, macho makubwa yanatutazama bila kuomba kitu. Sasa waigizaji wangu, ambao wiki nzima walikuwa wamecheza na ng'ombe wa ngozi kwa madaha, wakakutana na uzito. Dereva alivuta mkia akaketi. Mhudumu wa baa alishika pembe kama anafungua chupa. Fimbo ilimponyoka mtunza bustani ikanigonga goti. Yeyo akatufokea, akatupanga upya, akahesabu kwa Kimaasai, na mara ya tatu mtamba alisimama, miguu inacheza, tukabaki tumemzunguka tunahema, hakuna anayethubutu kumwachia. Dereva akanigeukia, shati limejaa samadi. Akaniambia kila asubuhi, mama mtu mzima, na kamba? Nikamwambia kila asubuhi. 

Alasiri tukaigiza, kwenye uwanja wa mbele ya duka, ambako watu hukusanyika wakitoka kunywesha mifugo. Walikuja wengi. Kina mama walikaa mbele, chini, miguu wameinyoosha. Wanaume walisimama nyuma wakiegemea fimbo, baba mdogo katikati yao, uso umefungwa. Yeyo alikaa pembeni kabisa, kama hamjui mtu.

Tuliigiza nusu Kiswahili nusu Kimaasai. Alipopita jirani wa simu, yule aliyewavunja mbavu watu wa Karatu, hakuna aliyecheka. Akapita wa mnada. Kimya. Dereva akaingia na tumbo lake na miwani ya jua, akasema, "Pole mama, wengine watakuja," kisha akaendelea na safari yake. Bado kimya, lakini sasa kimya cha watu wanaovuta pumzi vibaya. Ng'ombe akaanza kufa. Mtunza bustani, huyo mpole, alikuwa ameyaona ya asubuhi. Alitoa sauti kutoka kule nyuma ya ngozi, mguno wa chini chini ambao hatukuwa tumeufanyia mazoezi, na mimi mwenyewe nywele zilinisimama.

Bibi mmoja wa boma la juu, aliyeketi mbele kabisa, akanyanyuka. Nilidhani anaondoka. Akafunga shuka lake vizuri kiunoni, akaingia pale tunapoigizia, akapitisha fimbo yake chini ya tumbo la mhudumu wa baa.

 Mwanamke wa pili akaja upande wa pili akaishika ile ncha. Mwingine akashika mkia wa katani. Wanaume wawili wakaja wakaziba mwanya. Kila mmoja wao alijua ni ngozi, msidhani hawakujua, walikuwa wanaona viatu vya raba vinatokeza kwato zinapopaswa kuwa. Ila walishindwa kukaa. Wakamnyanyua. Mhudumu wa baa, ambaye nilimfundisha kwamba maiti haisaidii, alijilegeza, akaanguka. Wakamnyanyua tena. Dereva, mtu wa kushika maneno yake mpaka mwisho, akapaza sauti kwamba ng'ombe si wao waachane naye, akachapwa fimbo ya mguu.

Nikapandwa na hasira ambayo sijui niielezeje. Wameniharibia mchezo, hilo la kwanza. Lakini zaidi ya hapo, niliwaona wakiwa na mikono. Mikono yote hii, migongo yote hii inayouma, imepatikana kwa ajili ya mhudumu wa baa. Nikapiga kelele waache. Nikasema kwenye mchezo huu ng'ombe anakufa, wamwache afe.

Yule bibi hata hakunitazama. Alikuwa anarekebisha fimbo.

"Hapa hafi," akasema.

"Hapa alikufa," nikasema. "Pale, kwa mama yangu. Aliita, na ninyi mlisikia."

Watu wakawa kama wamemwagiwa maji. Mhudumu wa baa akabaki amening'inia mikononi mwa wanawake, kichwa cha ngozi kimemwegemea bibi begani, na hakuna aliyemshusha. Nilikuwa nimesema mbele ya mkutano kitu ambacho yeyo alisema hana haja nacho. Sikumtazama, nisingeweza.

Baba mdogo akasogea mbele, taratibu.

"Nilisikia," akasema. "Nilidhani watu wa boma la juu wameshakwenda."

Bibi akasema wao wa boma la juu walisikia pia, wakadhani shemeji mtu yuko pale pale mlangoni, hawezi kukosa. Mwanamume mmoja akasema alikuwa njiani na mbuzi, akasikia, akahesabu maboma yaliyo karibu zaidi yake, akaendelea na njia. Mwingine akasema yake. Walisema bila kujitetea, kila mmoja akiwa ameinamisha uso, na nikashtuka kwamba walikuwa wanarudia maneno ya mchezo wangu, yale yale niliyoyatunga Karatu kwa kubahatisha.

Kisha baba mdogo akanigeukia. Akauliza, na wewe wa Karatu?

Nikamwambia Karatu wito haufiki. Na niliposikia nimekuja, na nimewaleta hawa.

"Umekuja na ngozi," akasema.

  Nikasimama pale na vazi langu la mjane nimemkazia macho, kwa sababu kuinamisha kichwa nilishainamisha hotelini na mkono haukuja, sikuwa tayari kuinamisha mara ya pili. Wakamshusha mhudumu wa baa. Watu wakatawanyika bila makofi, wakachukua mifugo yao.

Jioni yeyo hakunilaumu. Alitupa chai ya rangi kwa sababu maziwa hapakuwa, akawatania waigizaji kwamba ng'ombe mwenye raba hafiki mbali. Nilijaribu kumwomba radhi, akanikata, akaniuliza kama watoto wanakula vizuri. Nikajua anaogopa. Tulilala boma pale, wanaume kwenye gari.

Asubuhi mtamba alikuwa chini tena. Kulikuwa na baridi ile ya kushuka kutoka milimani, ya kuuma masikio. Dereva akaja anakunja mikono ya shati, mtunza bustani ameshashika fimbo, mimi nimeshafunga shuka. Tulikuwa tunatosha, jana tumeshajifunza. Yeyo akasimama mbele ya zizi akatuzuia.

"Kaeni," akasema. "Ninyi kesho hampo."

Nikadhani ananitania, nikasogea. Akanisukuma kifuani, mama yangu huyu ambaye hajawahi kunipiga tangu nikiwa mdogo. Nikamwambia atakufa huyu, yeyo, ni wa mwisho huyu. Akasema anajua kuhesabu mpaka moja. Akaenda mlangoni mwa boma, akajishika kiuno, akaita.

Nilikuwa sijausikia wito ule kwa miaka. Ulipita juu ya miiba, ukapita boma la baba mdogo, ukapanda kule juu. Kisha kimya. Kuku wa mtu. Kengele ya mbuzi mbali. Mtamba alikuwa ameweka kidevu chini. Jua likachomoza pale kwenye ukingo wa milima, likaanza kutambaa uwandani kuja kwetu, na mimi nilikuwa nalitazama jua, namtazama mtamba, nalitazama jua. Mhudumu wa baa alikuwa anasali, midomo inacheza. Nilitaka kumkamata mama yangu nimweke pembeni kwa nguvu. Nilimchukia kidogo kwa dakika zile, nasema ukweli, kwa kuwa na kichwa kigumu kuliko changu.

Akaita tena.

Nikasikia kikohozi. Baba mdogo alitokea kwenye uwazi wa miiba, shuka la kulalia, hajavaa hata ndala, na nyuma yake wake zake wawili. Hakusalimia mtu. Alinipita kama mtu anavyoupita mti, akaenda moja kwa moja akashika mkia. Yule bibi akaja kutoka juu anatembea haraka, fimbo mkononi, analalamika kwamba yeyo anaita taratibu siku hizi. Akaja mtu wa mbuzi. Wakawa wengi mpaka wengine wakakosa pa kushika. Baba mdogo akahesabu, wakavuta, na mtamba akaja juu mara moja, mwepesi, miguu minne chini.

Wakamshikilia mpaka akatulia. Akajisaidia, akatembea hatua chache, akaanza kulamba ukuta wa zizi. Watu wakafuta mikono kwenye mashuka. Wakaanza kuongea habari za maji, habari za mtu aliyelazwa Endulen, kama vile hakuna lililotokea, wakielekea mlangoni mmoja mmoja.

 Baba mdogo alikuwa anapita mbele yangu, mikono ina samadi mpaka kwenye viwiko. Nikafungua mdomo nimwambie asante.

Yeyo akanikanyaga mguu.